Kikohozi cha Baba

"Kwa hiyo hukufanya mtihani kwa sababu ulikuwa unamuuguza baba?" mwalimu wa taaluma aliuliza, fomu ya mtihani maalumu ikiwa mbele yake.

"Ndiyo, mwalimu," Careen alijibu. Kumbe asubuhi ile alipitiwa na usingizi, basi.

Mwalimu akapiga simu, akaweka spika. Kutoka Michenga, kijijini kwao Careen, likasikika debe likigongwa, na baba mtu akiwafokea kwelea waliovamia mpunga: "Haaa! Tokeni!" Sauti nzima, haina hata chembe ya ugonjwa.

"Shikamoo, mzee. Careen anasema Jumatatu alikuwa anakuuguza. Ni kweli?"

"Marahaba, mwalimu."

Debe likanyamaza. Careen akawasikia ndege wakirudi mpungani, kundi zima, na hakuna aliyewafukuza. Baba yake alikuwa katekista. Hata kwa utani hakuwahi kumsikia akisema uongo.

Kisha baba akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kujilazimisha.

"Nilizidiwa, mwalimu," alisema taratibu. "Mtoto hana kosa."

Mwalimu akachukua kalamu asaini. Careen akaifunika fomu kwa kiganja.