Kifaransa cha Victorine

Watu wa foleni ya dispansere, wamejikunyata ndani ya masweta kwa baridi ya asubuhi ya Mweso, walimwona Kaswera akivua kitambaa cha kichwa na kutumbukiza uso mzima ndani ya ndoo ya kunawia mikono. Alipouinua, maji yakimchuruzika mpaka kifuani, aliwatazama wote kana kwamba wao ndio wenye kosa.

"Munaangalia nini? Hamujaona muntu mwenye kuungua?"

Victorine, mjane wa mdogo wa mumewe, alimpa kitambaa kikavu. Alikuwa amekuja nacho makusudi, pamoja na blauzi ya kubadilisha.

Kaswera alikuwa na miaka hamsini na kitu, na duka kubwa la vitenge pale barabarani. Damu ya mwezi ilikuwa imekatika tangu mwaka juzi, na badala yake likaja joto. Lilimpanda kutoka kifuani bila kubisha hodi, likamlowesha, likamnyima usingizi, likauacha moyo ukimdunda. Halafu zikaja hasira, na hizo ndizo zilizowachosha watu. Siku za joto aliwafukuza wateja. Siku za joto alimtukana katekista mbele ya waumini. Siku moja ya joto, kwa ajili ya chupa ya mafuta iliyovunjika, alimtoa nyumbani Archange, binti pekee wa Victorine, akampeleka machimboni Rubaya akabebe magunia ya madini ya koltani, ajue chakula kinatoka wapi. Mlima uliporomoka ukamfukia kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Kwenye matanga Kaswera alilia kwa sauti kuu, kisha akalalamika kwamba ndani ya hema hakuna hewa.

"Ni ile joto yake," watu walisema. "Si yeye."

Victorine alibaki kwenye nyumba ileile, akapika, akafua mashuka yaliyonuka jasho. Akina mama wa kanisa walimsifu kwamba ana roho safi. Wengine, wenye midomo mirefu, walisema hana tu mahali pa kwenda. Huruma yao ilimuuma kuliko kazi, lakini aliipokea na kushukuru.

Na ni yeye aliyeleta habari za daktari mgeni anayetibu wanawake, ambaye angeondoka kesho yake. Daktari alijua Kifaransa tu. Muuguzi anayemtafsiria alikuwa ameitwa kwa mama anayejifungua, na Kaswera aliacha shule zamani, akakimbilia biashara.

"Leo njo hii Kifaransa yako itatumika," alimwambia Victorine wakiingia. "Uongee muzuri, usinipatishe haya. Sirudi nyumbani bila dawa."

"Utaipata, dada."

Daktari alikuwa mwanamke mpole, macho yamechoka. Victorine alimweleza yote: jasho, usingizi, moyo, hata mambo ya kitandani ambayo Kaswera aliona haya kumwambia mumewe. Hakuacha kitu. Daktari alieleza kwamba huo si ugonjwa bali umri, na njia zipo. Kuna kupunguza kahawa na pombe na kuvaa nguo nyepesi. Kuna vidonge vya kawaida vinavyotuliza joto kidogo. Na kuna homoni, kile kitu ambacho mwili umeacha kukitengeneza. Hizo ndizo zenye nguvu zaidi, ila si za kila mtu. Victorine alitafsiri polepole, neno kwa neno.

"Hivyo vya kawaida awapatie batoto," Kaswera alisema. "Umuambie minataka homoni."

Daktari alimpima shinikizo la damu, likawa zuri. Akampapasa matiti, hakuona kitu. Akauliza kuhusu mama yake na dada zake, kama kuna aliyeugua saratani. Victorine akauliza, Kaswera akajibu, Victorine akarudisha jibu lilivyo. Kila jibu jema lilimfurahisha Victorine, furaha ya kweli, mpaka akajikuta amesogea ukingoni mwa kiti. Kwa muda mrefu hakuwa amekitaka kitu kama alivyozitaka dawa hizo.

Daktari aliona. "Unampenda sana ndugu yako," alisema.

"Tumeishi pamoja miaka mingi," Victorine alijibu.

Daktari akatoa boksi la dawa kwenye mkoba, lakini hakulikabidhi.

"Swali la mwisho, na hili msinijibu kwa haraka. Aliwahi kupata damu iliyoganda, mguuni au kwenye mapafu? Kama aliwahi, homoni hizi zinaweza kumuua, na nitampa vile vidonge vingine."

Victorine hakuhitaji kumuuliza mtu. Kaswera alipojifungua kitinda mimba wake kule Butembo, mguu wa kushoto ulimvimba mpaka ngozi ikang'aa, na madaktari wakasema damu imeganda ndani. Sindano zilipokuwa zikimwokoa, Victorine ndiye aliyekuwa akilala sakafuni kando ya kitanda.

Akamgeukia Kaswera, akamtazama usoni.

"Dada, anauliza kama tangu joto ianze, kuko muntu mwenye ulimutendea mubaya, na unajutia."

"Miye?" Kaswera alikuwa akijipepea kwa kiganja, macho kwenye boksi. "Apana. Umuambie apana, atupatie dawa turudi."

"Amesema hapana, daktari."