Ndege Isiyo na Kelele

Bawa lilivunjika chini ya kisigino cha mkewe, mchana kweupe, katikati ya sebule.

Fundi saa alikuwa amelilaza sakafuni, bawa hilo la ndege yake ndogo ya kurusha, gundi ikauke. Mkewe akapita na sinia la chai, akalikanyaga kama mtu anayekanyaga mkeka. Akasimama, akaomba samahani, kisha akaendelea na safari yake ya jikoni. Hata kutazama chini hakutazama.

"Akufukuzaye hakwambii toka," mume alinung'unika, na kwa siku tatu hakumsemesha.

Visa havikuanza siku hiyo. Kwanza mama huyu aliacha kushona, akidai vidole vimechoka. Kisha akaanza kumletea chai kidole kimoja kikiwa kimezama kikombeni. Mume alipolalamika, alicheka tu. Mwisho akatangaza kwamba mwezi ukiisha anahamia kwa dada yake. Nyumba hii haiwezi tena, alisema.

Fundi hakuhitaji kuelezwa. Miaka ishirini alikuwa akirusha ndege zake ndogo za injini ya mafuta, zinazonuka hadi kwenye mapazia na kunguruma kama mashine ya kusaga. Mwanamke gani angevumilia? Na yeye, bila mwanamke huyo, angebaki na nani? Aliogopa, tena aliogopa sana.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliliunga bawa. Akaing'oa injini puani mwa ndege, akafunga mota ya umeme isiyozidi limau. Betri akaisogeza mbele, akairudisha nyuma, akaisogeza tena, mpaka ndege ikatulia sawasawa juu ya ncha za vidole vyake viwili. Halafu, kioo chake cha ufundi kikiwa jichoni, akaandika jina la mkewe chini ya mabawa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za bango. Yote hayo aliyafanya kimyakimya, maana alitaka mkewe ajionee mwenyewe.

Jumapili akamwomba waende uwanjani, mara moja tu, kabla hajaondoka.

"Twende," mkewe akasema. "Nitaikumbuka hiyo ndege yako."

Fundi alijua kejeli akiisikia, akaimeza. Njia nzima mkewe alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wao, na moyo wake ukapata matumaini.

Alimkalisha kwenye kigoda katikati ya uwanja, akaenda hadi mwisho kabisa, akairusha. Mvumo mwembamba wa mota ukapotelea upeponi. Ndege ilipofika juu akaizima mota, akaiacha iteleze, naye akaanza kurudi taratibu, vidole gumba vikiiongoza kwa rimoti. Ikashuka, ikazunguka juu ya kichwa cha mkewe, jina likisomeka waziwazi kwenye jua. Mara tatu kivuli chake kilimpita usoni. Mkewe alikuwa anatabasamu.

Machozi yakamlengalenga fundi. Alisimama kando yake.

Mkewe akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa shati lake.

"Umerudi?" akauliza. "Injini imegoma kuwaka? Jaribu tena, mume wangu. Nataka niisikie mara moja tu kabla sijaondoka."