Tangazo Lisilokosea Nyumba

"Mgeni yuko njiani. Umeshamwandalia pa kulala?"

Maneno hayo aliyatunga mwenyewe ofisini, kwa ajili ya tangazo la duka la vifaa vya watoto wachanga. Sasa yalikuwa kwenye simu yake, jikoni kwake, chini ya picha ya kitanda kidogo cheupe. Kijiko kikamponyoka.

Alijua tangazo lile linavyofanya kazi, maana ndiye aliyelipanga. Halimtokei mtu ovyo. Hungoja mpaka mtu wa nyumba fulani atafute vitu vya mtoto mara tatu, ndipo huingia katika kila simu inayotumia intaneti ya nyumba hiyo.

Na nyumba hii ilikuwa na watu watatu tu: yeye, mumewe fundi friji, na mama mkwe asiyejua kusoma. Mtoto hawakujaliwa. Miaka tisa walizunguka hospitali, hadi siku moja mumewe akamwambia, "Basi, mke wangu. Tupumzike. Tunatoshana." Yeye akalia, kisha akapumzika kweli.

Kumbe mwenzake hakupumzika.

Kazini alimwonyesha tangazo hilo mchoraji wa matangazo, ambaye wote walimwita Utani.

"Si unashinda nalo? Limekuzoea!" Utani akacheka.

"Hata wewe unashinda nalo. Limekutokea?"

Utani akaacha kucheka. Akamsogezea kiti, akamletea maji bila kuulizwa.

Mchana bosi akawakusanya. "Siku hizi watu hawaandiki, wanaongea na simu," akasema. "Kampeni ijayo tuipange kwa sauti." Yeye akaitikia kwa kichwa, hana analolisikia.

Alimfikiria mama mkwe. Kwa wiki mbili sasa yule mama, ambaye zamani hakuachia neno lipite bila kulitia pilipili, alikuwa amelainika. Aliamka mapema akafagia nyumba nzima. Yeye akipitiwa na usingizi kwenye kochi mara tu atokapo kazini, alisikia sauti ya mama huyo ikimkemea mumewe: "Punguza hiyo redio! Humwoni mwenzio amelala?" Akishtuka, alikuta mto laini umewekwa chini ya kichwa chake.

Anajua, akawaza. Anajua aliyoyafanya mwanawe. Ananifuta machozi kabla sijalia.

Jioni alimkuta mumewe akinawa mikono yenye mafuta.

"Una mtoto nje?"

"Nje wapi tena?" Mumewe akageuka, sabuni ikimdondoka. "Mke wangu, nani kakwambia maneno hayo?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nini?"

Angemwambia nini, kwamba tangazo limemshtaki? Mume akaapa, akabembeleza, mwishowe akanyamaza, na kimya kile yeye akakihesabu kuwa ni kukiri.

Jumamosi, mume alipotoka kwenda kutengeneza friji ya mteja, yeye alikunja nguo zake zote. Begi likafungwa kwa shida. Akalibeba mpaka mlangoni, kisha moyo ukamrudisha. Asingeweza kuondoka bila kumuaga mama mkwe. Mto ule ulimdai angalau kwaheri.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Mama mkwe alikuwa peke yake kitandani, simu ameiweka karibu na mdomo, akiongea polepole kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Nionyeshe vitanda vya watoto wachanga. Vya mbao. Siyo hivyo vyeupe, vinashika uchafu upesi."

"Mama!" Sauti ilimtoka yenyewe. "Kitanda cha mtoto wa nani?"

Mama mkwe akageuka, akaliona begi, akaruka kama msichana na kumpokonya.

"Mzigo wote huu, na hali yako hiyo!" Kisha akautazama uso wa mkwewe, akashika mdomo. "Mwanangu… kumbe mwenyewe hujajua?"