Tao Likikutana

"Tao likikutana tu, nahamia kwako," nyapara alisema kwenye redio ya kazi, tena kwa sauti ya kubembeleza.

Juu kabisa, ndani ya kibanda cha winchi, mwendesha winchi nusura amwage chai. Yeye naye alikuwa na redio, na alisikia kila kitu.

"Njoo," alijibu mwanamke kutoka ng'ambo ya mto. "Ila hivyo viatu vyako vitalala nje."

Laa, haiwezekani!

Kwa miaka miwili vikosi viwili vilikuwa vikijenga daraja moja la zege, kila kimoja kikisukuma nusu yake ya tao kutoka ukingo wake. Katikati mto mpana, na kivuko kiko mbali, safari ya nusu siku. Yule mwanamke alikuwa nyapara wa kikosi cha ng'ambo. Mwendesha winchi alimjua kwa sauti tu.

Na nyapara wa huku alikuwa na mke! Kila mwisho wa mwezi alikwenda kumwona, akarudi na keki ya ndizi ndani ya kopo la bluu lenye kifuniko kilichobonyea. Nusu ya keki ilikuwa ya rafiki yake wa winchi. Mwendesha winchi hakuwahi kumtia mama huyo machoni, lakini kwa keki ile alishamhesabu shemeji yake kabisa. Ndoa yake ivunjike hivi hivi, yeye akitazama? Thubutu!

Mchana alimkabili nyapara.

"Ndugu yangu, mkeo anajua mambo yako ya ng'ambo?"

"Anajua yote."

"Na hana neno?"

"Neno gani? Ndiye anayenihimiza."

Jamani, mtu hana haya huyu!

Siku ya kufunga tao, nyapara alikuja kanyoa ndevu, kapiga pasi shati, ananukia mpaka winchini. Kipande cha mwisho kilikuwa kinaning'inia juu ya maji. Mwendesha winchi alivumilia weee, ikamshinda. Akabonyeza redio.

"Dada wa ng'ambo, huyu bwana ana mke. Tena mke mwema. Muache, tafadhali."

Vichwa vikainuka kingo zote mbili.

"Nimekusikia, kaka," sauti ikajibu. "Hata mimi huyo mke namwonea huruma. Mume mwenyewe anakoroma! Haya, shusha mzigo polepole."

Anakoroma! Kumbe wameshafika huko! Hasira zilimpanda, lakini kazi ni kazi. Alishusha taratibu, kidole kwa kidole, na kipande kikakaa mahali pake barabara. Vikosi vyote viwili vikalipuka kwa vigelegele, watu wakakumbatiana katikati ya mto.

Yeye alishuka ngazi mbili mbili, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Alipofika kwenye tao, mwanamke alikuwa keshavuka. Nyapara kamshika mkono mbele za watu, anachekacheka kama bwana harusi.

"Wewe ndiye wa redio?" mwanamke akamuwahi kwa swali, akipekua begi lake. "Ahsante kwa kunitetea. Ila nisamehe, shemeji, mwezi huu nimechelewa kidogo."

Akamwekea mikononi kopo la bluu lenye kifuniko kilichobonyea.