Ya Nane Ukutani

Mama alimkuta Flavia kwenye ukuta wa bani la kukaushia tumbaku la kijiji chao cha ujamaa, Sikonge. Kwa mkaa ameandika 31, 331, 3331, mpaka namba ya saba. Mwalimu alisema hizo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Ya nane, 333333331, kaiongeza mwenyewe.

"Kesho nitasimama mbele ya shule nzima niseme na hii haigawanyiki."

"Umeijaribu?"

"Ya nini, mama? Si inafanana na wenzake?"

Mama akagusa ukuta. "Mwaka jana mabani saba yalikausha vizuri, la nane hatukulichungulia. Si liliungua? Jaribu, mwanangu, usije ukachekwa."

Flavia akanuna, akagawa. Kwa saba, ikabaki. Kwa kumi na tatu, ikabaki. Kwa kumi na saba, hakikubaki kitu.

Akaangua kicheko. Akaifuta kwa kiganja, kisha kwa kiganja kile cheusi akamshika mama shavu.

Mama hakujipangusa.