Maana ya Pili

Siku ya kumuaga tarishi, meneja alihutubia kwa Kiingereza kama kawaida yake, na katibu muhtasi akawa anatafsiri. Mambo yalikwenda vizuri mpaka meneja aliposema kwamba mzee huyu ni mtu "humble".

Katibu alikwama. Neno hilo lina maana mbili: mnyenyekevu, au mtu wa chini. Na katibu alimjua bosi wake vilivyo. Miaka ishirini na sita meneja alimwita tarishi "wewe", akimteta waziwazi kwa Kiingereza, kana kwamba lililosimama pale ni kabati.

Akamtazama mzee. Mzee alikuwa amekalia kiti cha wageni kwa mara ya kwanza, kidole gumba kikiwa bado na wino wa mhuri wa asubuhi.

"Anasema wewe ni mnyenyekevu, baba."

Makofi yakapigwa. Mzee akainuka taratibu, akamshika katibu mkono.

"Ahsante, mwanangu. Umenisitiri."

Kisha akamgeukia meneja, akamuuliza kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula:

"Neno lako lina maana mbili, bwana. Ulikusudia ipi?"

Uso wa meneja ulikuwa wa mtu aliyeanza kukumbuka miaka ishirini na sita.