Nguo ya Nyumbani Kwao

Ekambaram aliisukuma pembeni oda ya tajiri wa Madras, akaanza kutanda nyuzi nyekundu. Mkewe, Sengamalam, aliacha kupepeta mchele.

"Baba Selvi, umerogwa? Wanawake wa mjini siku hizi wanavaa hariri hata kwenda sinema, oda zinamiminika, na wewe unamfumia nani?"

"Visalam."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa nyumbani humo kwa miaka mingi. Visalam ni mdogo wake Ekambaram. Tangu utotoni aliketi upande wa pili wa mtambo, akimrudishia kaka yake uzi wa pindo, maana hariri ya Kanchipuram yenye pindo la rangi nyingine haifumwi na mtu mmoja. Kisha akaolewa na fundi wa kiwanda cha nguo za nailoni. "Umeolewa na mashine," Ekambaram alimwambia. Harusini hakwenda, wala hakupeleka ile sari ambayo kila kaka humpelekea dada yake. Kiburi kile kilimtafuna mwenyewe, lakini kukimeza hakuweza.

Leo mpiga rangi wa nyuzi aliyetoka mji wa Visalam alikuja na ujumbe: kaka alete nguo ya nyumbani kwetu, asichelewe.

"Alikwambia mwenyewe?" Ekambaram alimuuliza.

"Mimi sikuingia ndani. Binti yake, Thenmozhi, ndiye aliyetoka mlangoni. Mtoto amekua huyo! Nyumba imejaa ndugu, jikoni masufuria makubwa makubwa."

Ekambaram hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mpwa anaolewa, na harusi bila nguo ya mjomba ni aibu ya ukoo mzima.

"Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime," Sengamalam alicheka alipoelezwa. "Ndiyo maana sikutia neno langu. Haya, nitakaa mimi upande wa pindo. Lakini nguo ni ya mama au ya binti?"

"Ya binti, bwana! Visalam aanze kujirembesha uzeeni?"

Wakafuma mfululizo. Sengamalam hakuwa mwepesi wa mkono kama Visalam, na kila uzi ulipochelewa kurudi, Ekambaram alisikia uchungu kifuani. Miaka yote hii angeweza kupanda basi akaenda kumwona, na hakwenda. Mara nyingine ilimbidi ainuke afute macho, machozi yasiidondokee hariri.

"Nitamwomba radhi mbele ya wageni wote," alisema. "Anitukane akipenda. Nina hamu hata na matusi yake."

"Atakutukana, usiwe na wasiwasi. Namjua yule."

Nguo ilipokamilika aliikunja, akaipanga kwenye sinia pamoja na maua, nazi na tambuu, akapanda basi la asubuhi. Njiani alikataa kuliweka sinia chini, akalipakata mpaka mikono ikafa ganzi.

Mbele ya nyumba ya dada yake palikuwa na kibanda kipya cha makuti mabichi. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wamenyamaza. Migomba ya harusi ilikuwa bado haijafungwa langoni, akamshukuru Mungu kwamba amewahi. Shemeji yake, yule mtu wa mashine, aliinuka akamshika bega. Ekambaram aliona haya.

"Shemeji, mimi ndiye mkosaji," alisema haraka. "Nipelekeni kwake nimwambie mwenyewe."

Watu wakampisha. Thenmozhi akatokea mlangoni, nywele hazijafungwa, akalipokea sinia kwa mikono miwili.

"Mjomba, umefika," alisema. "Mama alituusia jana mwili wake usichomwe mpaka uvikwe nguo yako."